Sarafu Juu ya Mtutu

Ting! Sarafu ilidondoka kwenye sakafu ya jikoni, ikabingirika, ikazunguka kama pia iliyochoka, kisha ikatulia chini ya jokofu. Nje bado kulikuwa giza totoro. Renelle Guillory aliinama, akaipapasa kwa vidole bila kuwasha taa, huku akiomba isiwe imemwamsha mtoto.

"Imeanguka tena, Mama," sauti nyembamba ilisikika kutoka chumbani.

"Lala, Odile."

"Nimelala. Masikio tu ndiyo yaliyoamka."

Renelle alicheka peke yake. Aliirudisha sarafu juu ya ncha ya mtutu, akaielekeza bastola kwenye ukuta wa dohani, akabana kifyatulio. Ka! Ting! Bastola ilikuwa tupu. Risasi zote zilikuwa zimefungiwa katika kasha la chuma ndani ya gari la baba yake. Zoezi hilo la sarafu lilikuwa la polisi wa zamani. Ukibana kifyatulio bila mkono kutikisika, sarafu hubaki pale pale ilipo. Mkono ukishtuka hata kidogo, sarafu inakusema. Na kila alfajiri, akirudi kutoka lindo la usiku, sarafu ile ilimsema Renelle kama mama mkwe.

Wahenga walipotuambia kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake, hawakuwa wakimsifu tai ili kumdharau shomoro. Walikuwa wakituonya kwamba ubawa wa kuazima, hata ukiwa wa tai, haumpandishi mtu angani. Renelle aliufikia ukweli huo kwa njia ndefu, tena yenye miiba.

Alikuwa mlinzi wa kinu cha mpunga katika mji mdogo wa Beaulieu, kusini mwa Luiziana. Kila jioni alimbusu binti yake wa miaka sita, akamwacha na babu yake, kisha akaenda kuzunguka maghala hadi alfajiri, tochi mkono huu na kopo la dawa ya pilipili mkono ule. Kazi hakuichukia. Alichokichukia ni kwamba Odile aling'oka jino lake la kwanza, akaota ndoto zake mbaya na kujifunza sala zake zote mama akiwa hayupo.

Sasa ilikuwa imetokea nafasi ya mchana, kulinda zahanati ya watoto karibu na kanisa. Mchana kazini, usiku nyumbani: Renelle hakuwa akiomba kingine kwa Mungu. Ila lilikuwa lindo la silaha, na kampuni ilikuwa na sharti lake. Kila mlinzi aje na bastola yake mwenyewe, afuzu nayo kwenye uwanja wa shabaha, na hiyo hiyo ndiyo atakayoibeba kazini. Mara ya kwanza Renelle alikuwa ameshindwa. Jumamosi ilikuwa mara ya pili na ya mwisho. Akianguka tena, nafasi ingekwenda kwa mlinzi mwenzake, Terrell Batiste, na Renelle angebaki na maghala yake na mbalamwezi.

Bastola aliyoshindwa nayo ilikuwa ya baba yake, Curley Guillory, ambaye mji mzima ulimwita Sajini ingawa alikwisha kustaafu upolisi. Siku ya kumuaga, mkuu wake alimkabidhi ile bastola aliyoibeba kazini, mbele ya watu, katika ukumbi wa kanisa, na Sajini akalia bila haya. Ilikuwa bastola nzito, mpini wake mnene kama gogo, nayo ilikula risasi nene ambazo polisi waliziita "arobaini."

"Siku za mwizi ni arobaini," Sajini alipenda kusema akiipangusa, "na dawa yake ni arobaini pia."

Lakini Renelle alikuwa amerithi mikono ya marehemu mama yake, mikono midogo, ya kusuka nywele na kumenya kamba wa baharini. Kidole chake kilikifikia kifyatulio kwa kujinyoosha, kama mtoto anayechungulia dirishani kwa ncha za miguu. Kwenye karatasi ya shabaha, risasi zake zote zilikimbilia chini kushoto.

"Unabana kama unakamua ng'ombe," Sajini alimkemea.

"Bastola yenyewe ina ukubwa wa ng'ombe, Baba."

"Bastola haina ukubwa. Mkono ndio unaokosa mazoezi. Beba wanachobeba polisi, binti yangu. Polisi hawabebi mchezo."

Hiyo haikuwa imani ya Sajini peke yake. Kinyozi, shemasi, mkulima wa mpunga, yeyote pale Beaulieu aliyetaka silaha ya kujilinda aliuliza kwanza polisi wanabeba nini, kama mgonjwa anayeomba dawa aliyoandikiwa jirani.

Jumatano alasiri baba na binti walikwenda dukani kwa Nolan Fruge, aliyeuza petroli, chambo cha samaki, soseji za wali za moto na, nyuma ya kioo, bastola. Sajini alitaka risasi za mazoezi. Renelle alisimama mbele ya kioo akitafuna soseji, mara akaacha kutafuna. Safu nzima ya bastola ilimkodolea macho, zimefanana na ya baba yake kama mayai ya kuku mmoja, zote zimechubuka ubavuni kwa kuchomolewa na kurudishwa kwenye ala.

"Mzee Nolan, hizi za nani?"

"Za polisi wetu hizo, binti. Wamezirudisha zote. Wamehamia risasi nyembamba za milimita tisa."

Sajini aligeuka polepole. "Nani kahamia wapi?"

"Kikosi kizima, Sajini. Mkuu mwenyewe kaniambia. Vijana walikuwa wanapiga ovyo, hizi nene zinawaruka mkononi kama kambare. Na risasi za tisa za leo si zile za enzi zako. Kazi zinafanya ile ile."

"Mikono laini! Siku hizi askari wanaripoti kazini na losheni mfukoni!"

Nolan alicheka. Sajini hakucheka.

Renelle aliomba kuonyeshwa bastola moja mpya ya milimita tisa, nyembamba ya mpini. Nolan aliifungua, akahakikisha ni tupu, akampa. Renelle aliielekeza sakafuni, na kidole chake kikatua juu ya kifyatulio chenyewe, bila kujinyoosha, kama ndege anayekijua kiota chake.

"Weka hiyo chini," alisema Sajini. "Binti wa Guillory habebi kiberiti."

Aliiweka chini. Njia nzima ya kurudi soseji ya Sajini ilipoa juu ya dashibodi bila kuguswa.

Mtu angedhani mambo yaliishia hapo, kwa maana Renelle hakuwa binti wa kubishana na baba yake. Mume alipoondoka, Sajini ndiye aliyewafungulia mlango, yeye na Odile akiwa kichanga, bila kuuliza swali hata moja. Deni la namna hiyo halilipiki. Lakini usiku ule, akizunguka kinu huku vyura wa mashambani wakipiga kelele kama wanaomcheka, alilitafakari jambo lake likamkaa sawa kichwani. Akishindwa na bastola ya baba yake, baba angeridhika na utii wake, na Odile angelala tena bila mama. Heshima ni mali, lakini heshima peke yake haimlazi mtoto.

Alhamisi asubuhi, kabla hajaonja usingizi, alikwenda kwa Nolan peke yake akainunua. Kutoka hapo akanyoosha hadi uwanja wa shabaha, kwa Bi Verlene, mkufunzi, mama wa makamo mwenye sauti ya kuongoza kwaya.

"Bi Verlene, nimebadilisha bastola. Nitakatwa alama?"

"Mwanangu, mimi hapa sipimi bastola. Napima matundu." Akamkabidhi vizuia kelele vya masikioni. "Na lingine nikuambie mapema. Risasi bora kuliko zote ni ile utakayostaafu nayo haijatoka."

"Ndivyo ninavyoomba, Bi Verlene."

"Basi omba, halafu fanya mazoezi."

Ijumaa Renelle alikuwa na zamu ya kupumzika. Walikula samaki wa kukaanga, na Odile alipoingia kuoga, Renelle aliweka mezani bastola mbili tupu, ya baba na yake, ubavu kwa ubavu.

"Baba, kesho nitapiga na hii."

Sajini aliitazama kama mtu aliyewekewa chura kwenye sahani.

"Umenunua."

"Nimenunua."

"Nyuma ya mgongo wangu."

"Ndiyo. Na sasa nakuambia usoni."

"Hii," Sajini alisema, kiganja juu ya bastola yake, "hii ilinirudisha nyumbani kila siku. Kila siku, Renelle! Wewe na mama yako mlikula kwa hii."

"Najua, Baba. Wewe ilikurudisha nyumbani. Mimi inanibakiza kinuni."

Sajini aliinuka, kiti kikakwaruza sakafu. "Haya. Kapige na kiberiti chako. Ila wakikuuliza nani alikufundisha, usinitaje."

Maneno hayo yalimkata maini. Renelle aliosha sahani zote, na zilizokuwa safi akaziosha tena. Machozi yalimlengalenga, lakini kurudisha bastola hakurudisha.

Ting!

Aligutuka usingizini. Giza. Kwanza alimdhania Odile, akapapasa, akamkuta kalala kando yake fofofo. Ka! Ting! Sauti ilitoka jikoni, ikifuatwa na mguno wa mzee anayeinama. Renelle alinyata hadi kwenye upenyo wa mlango.

Baba yake alikuwa amesimama na fulana ya ndani, akielekea kwenye dohani, bastola yake nzito mikononi. Vidole vilivyokuwa zamani kama kamba za meli vilikuwa vimevimba viungoni kwa baridi yabisi, na mtutu ulitetemeka kama jani. Aliweka sarafu. Akabana. Ikaanguka. Akainama, akaiokota, akaiweka tena, akavuta pumzi ndefu, akabana. Ikaanguka. Bastola ilikuwa ile ile na sarafu ile ile. Mkono ndio uliokuwa umezeeka.

Renelle alirudi kitandani kwa ncha za vidole. Kuna mambo ambayo mtoto mwenye adabu huyaona, kisha huyafumbia macho.

Kulipopambazuka aliikuta bastola yake mezani, juu ya taulo safi, iking'aa na kunukia mafuta. Ya baba yake haikuwapo.

"Bastola mpya huja na grisi nzito ya kiwandani," Sajini alisema, akikiambia kikombe chake cha kahawa. "Inaganda. Nimeitoa."

"Asante, Baba."

"Asante ya nini? Panda gari. Bi Verlene hapendi wachelewaji."

Uwanjani jua lilikuwa limeanza kuunguza. Terrell Batiste, jitu lenye viganja kama sepetu, alikuwa amekwisha kufuzu zamani kwa bastola kubwa ya arobaini, na katika mikono yake ilitulia kama paka aliyeshiba. Alikuwa amekuja kutazama kama bahati ingemwangukia.

"Dada Guillory! Hiyo bastola au kiberiti?"

"Kiberiti ndicho kinachochoma nyumba, kaka."

Waliokuwapo waliangua kicheko. Nyuma ya kamba, Sajini alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Bi Verlene alitoa amri. Renelle alipanga miguu, akainua mikono, na mbele ya macho yake hakuweka karatasi wala zahanati wala Terrell. Aliweka sarafu, imekaa kimya juu ya mtutu. Akabana taratibu. Mlio. Akabana tena. Katikati ya zoezi ganda la risasi lilimrukia shingoni likiwa la moto, likateleza ndani ya kola. Mkono ulishtuka, na risasi iliyofuata aliihisi ikikimbilia chini kushoto, kule kule kwa zamani. Ganda liliendelea kumchoma. Alikaza meno, akairudisha sarafu mahali pake akilini, akaendelea. Karibu, mbali, mikono miwili, mkono mmoja, hadi Bi Verlene aliposema, "Weka chini!"

Mkufunzi alikwenda kwenye karatasi, akaipitishia kiganja. Alihesabu moja moja, na hesabu hiyo Renelle aliiona ndefu kuliko usiku wa kinuni.

"Curley," akaita, "hebu njoo uone."

Matundu yalikuwa yamebanana kifuani pa mtu aliyechorwa kwenye karatasi kama punje kwenye gunzi. Moja tu ndilo lililotoroka.

"Alama zimetimia na zimebaki," Bi Verlene alisema. "Jumatatu zahanati. Nani alikufundisha, mwanangu?"

Renelle alifungua kinywa, akakumbuka alivyokatazwa, akakifunga. Akatazama viatu vyake.

"Mimi," Sajini alisema. "Nilimfundisha sarafu. Mengine kajifunza mwenyewe."

Terrell alivua kofia akampa mkono. "Kiberiti kimewaka, dada," akasema, na safari hii hakukuwa na kejeli.

Jumatatu jioni Renelle alirudi kutoka zahanati jua likiwa bado linaning'inia. Alimwogesha Odile, akamsikiliza sala zote hadi ile ya kumwombea kasa wa jirani, akamfunika shuka, akazima taa ya chumbani. Kisha akafungia risasi zake katika kasha la chuma, akaikagua bastola, akaikagua tena, akasimama gizani jikoni, maana mkono usiofanyishwa mazoezi husahau. Sajini alikuwa kibarazani, kiti chake cha kubembea kikilia taratibu. Bastola ya arobaini ilikuwa imelazwa kabatini, ndani ya sanduku lake la heshima, imepumzika kama mwenyewe.

Renelle aliweka sarafu juu ya mtutu, akaelekea kwenye dohani, akabana.

Ka!

Nyumba nzima ilitega sikio. Kiti cha kibarazani kiliacha kulia. Sakafu haikusema neno. Tai ana lake na shomoro ana lake, na mbingu ni ile ile. Hakika, kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Na kutoka chumbani, gizani, Odile akasema, "Mama, sarafu haijaanguka."