Choo cha Kiboko Juu ya Kijito

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla mwanadamu hajashika jembe, wanyama walikuwa na nyumba zao, vyungu vyao na majirani zao. Sogeeni karibu. Na wewe toa kidole mdomoni kwanza, ndipo utasikia vizuri.

Palikuwa na kijito kilichotoka kwenye chemchemi mlimani, kikashuka, kikaishia kwenye bwawa bondeni. Hapo hakikutoka tena. Juu, karibu na chemchemi, walikaa wakubwa: Kiboko, Nyati, Kifaru na jamaa zao. Chini, kando ya bwawa, walikaa wadogo: Nguchiro, Kobe, Digidigi na wengine wa kimo chao.

Wakubwa hawa walikuwa na desturi moja ya ajabu. Mkubwa hachimbi choo! Kuchimba shimo, walisema, ni kazi ya panya. Choo cha mkubwa kinajengwa kwa magogo juu ya maji yanayokwenda, ili uchafu wake usikae nyumbani kwake hata dakika moja.

Kila asubuhi Kiboko alipanda pale na tumbo lake. Chubwi! Chubwi! Chubwi! Kisha akageuka, akatazama maji yakichukua kinyesi chake, akasema kwa fahari, "Kimekwenda!"

Na wenzake wakaitikia, "Kimekwenda, Mheshimiwa!"

Kimekwenda wapi? Hakuna aliyeuliza. Vichwa vikubwa vile, na ndani mna upepo tu.

Huku bondeni watoto walikuwa wanaharisha na kutapika. Digidigi alizika wawili katika wiki moja. Nguchiro alibaki na binti mmoja tu, Chiku, mtoto mwenye maneno kuliko ndege wote wa bonde. Sasa Chiku alilala kwenye mkeka, midomo imekauka, macho yameingia ndani, hasemi neno.

Nyati akateremka kwa Nguchiro kuleta salamu za wakubwa.

"Mheshimiwa anasema poleni," alisema, akisimama mbali na mlango. "Anasema pia mnazaa watoto wenye matumbo mepesi. Muwafundishe kuvumilia."

Alipomaliza kusema akaondoka. Hata kumtazama mtoto hakumtazama.

Nguchiro alimwachia Digidigi mtoto mgonjwa, akafuata kijito kwenda juu, pua mbele. Kadiri alivyopanda, ndivyo harufu ilivyozidi. Mwisho akakiona choo, na Kiboko anashuka kutoka juu yake taratibu kama bwana harusi.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Sema upesi, nataka kulala."

"Uchafu wa choo hiki unakwenda wapi?"

"Unakwenda."

"Ndiyo, lakini unakwenda wapi?"

"Huko!" Kiboko akapunga mkia wake mfupi.

"Huko ndiko kwetu. Maji hayo ndiyo anayokunywa mwanangu, naye anakufa, Mheshimiwa. Nawaomba mchimbe shimo mbali na maji. Mkiona ni kazi, nitakuja kuwachimbia mimi."

"Hohohohoo! Mmesikia?" Kiboko aliwaita wenzake. "Kadudu haka kanataka nichuchumae juu ya shimo! Mimi! Na makalio haya!"

Wakacheka wote mpaka nzi wakawaruka. Nguchiro hakulia. Aliona kwamba kwa hawa machozi ni kupoteza maji bure, na mwanawe alikuwa anayahitaji.

Aliporudi alimkuta Kobe mlangoni, na mzigo wa kuni mgongoni.

"Chukua, Mama Chiku. Nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya masika."

"Na wewe utapikia nini, ndugu yangu?"

"Majani mabichi hayahitaji moto. Washa."

Nguchiro akawasha. Akateka maji, akayachemsha mpaka yakasema buku-buku-buku! Akayapoza, akatia chumvi kidogo na asali kidogo, akaanza kumnywesha Chiku kwa kijiko. Kijiko kimoja, anangoja. Kijiko kingine, anangoja. Digidigi, mwenye msiba wake mbichi, alikaa upande wa pili akimpepea mtoto asiye wake.

Siku ya tatu Chiku akafumbua macho.

"Mama," akasema, "mbona shingo ya mjomba Kobe imekunjamana hivyo?"

"Haya! Amepona!" Kobe akapiga kelele kwa furaha. "Ameanza matusi!"

Basi bonde zima likachemsha maji, na watoto wakaanza kusimama. Lakini kuni zilikuwa zinakwisha. Zilibaki za siku nne tu. Zikiisha, Chiku atarudia maji yaleyale, na safari hii hakuwa na mwili wa kupigania. Nguchiro akaketi, akakuna sikio, akawaza.

Kesho yake Nyati akaja tena na salamu za pole. Akakuta watoto wanarukaruka.

"Leo hakuna msiba?" akauliza, kama mtu aliyenyimwa pilau.

Nguchiro aliruka akakumbatia chungu cha maji kwa mikono miwili. "Hakuna kitu humu, mjumbe! Usichungulie!"

Enyi wanangu, pale ilikuwa sheria kwamba wadogo wakipata chochote kizuri, onjo la kwanza ni la mkubwa. Nyati akafura.

"Unaficha! Onjo la mkubwa liko wapi? Lete!"

Akanywa. Gubu, gubu, gubu! Maji yalikuwa yamechemshwa, yamepoa kwenye udongo, na asali imo. Nyati akajilamba mpaka puani.

"Lo! Haya ni maji gani?"

"Ni ya bwawani tu," Nguchiro akasema kwa unyonge. "Sisi tunasema maji yakianza safari huko juu huwa membamba, hayana kitu. Yakishuka yanaokota utamu njia nzima, mpaka yanafika kwetu mazito. Angalia watoto walivyonawiri. Lakini nakuomba, mjumbe, usimwambie Mheshimiwa!"

Nyati huyoo, mbio! Vumbi tifu!

Hata uji haujapoa, Kiboko akashuka na jamaa zake wote, magodoro kichwani.

"Wezi nyie!" akanguruma. "Miaka yote mnakunywa maji mazito, sisi mnatuachia membamba! Kuanzia leo bwawa ni letu. Nyinyi nendeni juu!"

"Ah, Mheshimiwa, tuhurumie!" Nguchiro akalia. Safari hii alilia vizuri sana. "Utupeleke kule kwenye chemchemi, kwenye baridi? Sisi wanyonge? Afadhali utupige!"

"Juu! Na hamtarudi!"

"Utatuonea huruma kesho, Mheshimiwa. Najua moyo wako. Utasema turudi."

"Mimi? Nirudi nyuma?" Kiboko akaliendea jiwe la mpaka, lililotenga juu na bondeni, akatema mate juu yake, tuu! Ndicho kiapo chao, hakivunjiki. "Wa juu hatashuka kunywa, wa chini hatapanda kunywa. Nimeapa!"

Wakubwa wote wakatema, tuu! tuu! tuu! Wadogo wakafungasha vyungu vyao wakilia kwa sauti. Chiku akamnong'oneza mama yake, "Mama, mbona unalia huku unacheka?"

"Nyamaza, mwanangu. Tembea."

Walipofika juu waliyang'oa magogo ya choo, wakachimba mashimo yao mbali na chemchemi. Wakanywa maji meupe kama kioo.

Na wakubwa je? Hawakuchimba. Siku ileile walijenga choo chao cha magogo juu ya bwawa. Asubuhi Kiboko akapanda. Chubwi! Chubwi! Akageuka atazame.

"Kime..." akaanza.

Hakikwenda. Kilikuwa palepale, kinaelea, kinamzunguka pole pole kama mgeni anayetafuta kiti.

"Kitakwenda," akasema Kifaru.

"Bila shaka," akasema Nyati. Wakainama wakanywa, maana maji mazito ndiyo waliyoyafuata.

Siku ya tatu, wanangu, bondeni kulinguruma. Guru-guru-guruuu! Hayakuwa mawingu, yalikuwa matumbo ya waheshimiwa. Wakakimbilia choo wote kwa mara moja.

"Mimi kwanza, nina cheo!"

"Cheo cha nini, mwenzio imefika!"

Magogo yakalia kwaa! Halafu pwaaaa! Choo, Kiboko, Nyati na Kifaru, wote bwawani, katika yale yao wenyewe.

Kiboko akapanda hadi kwenye jiwe la mpaka, amelegea, ananuka. Nguchiro alikuwa ameketi juu yake.

"Umetudanganya, wewe!"

"Nimekudanganya kuhusu utamu, Mheshimiwa. Uchafu ni wa nani?"

Kiboko akatazama miguu yake. "Wetu."

"Na ulipoletwa kwetu, wewe ulisemaje?"

Kiboko akaketi chini ya jiwe.

"Mwanangu mdogo anaharisha," Kiboko akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa. "Halii tena. Amelala tu."

Nguchiro aliijua hali hiyo. Hasira alikuwa nayo, lakini mtoto ni mtoto, hata akizaliwa na mjinga. Akamwita Kobe, na Kobe akateremka na chungu cha maji yaliyochemshwa, yenye chumvi kidogo na asali kidogo. Kiapo kilikataza kushuka kunywa. Hakikukataza kushuka kunywesha.

"Atapona," Nguchiro akasema. "Lakini nina kuni chache, na wewe una makalio makubwa. Chagua: uchimbe shimo, au unywe ulichokipeleka."

"Mkubwa hachimbi..." Kiboko akaanza, tumbo likamkatiza. Guruuu!

"Nipe jembe," akasema.

Akachimba, ko! ko! ko!, mbali na bwawa, jasho likimtoka, huku panya wamejipanga kumwangalia. Mmoja wao akamwambia, "Inua mgongo, Mheshimiwa, unachimba kama mtu anayetafuta sindano." Kiboko akainua mgongo. Mtoto wake alikuwa amekaa kivulini, anakunywa kijiko cha nne.

Basi wanangu, uchafu ukiutupa usiuone tena, jua kuna mtoto wa mwenzako anayeunywa.