Tangi la Stesheni

Ndugu zangu, reli ilipokuwa ikijengwa kwenda bara, enzi za yule malkia mzee wa Waingereza, palikuwa na stesheni nyikani. Ilidumu miezi kumi na minne tu. Wahandisi wakapata njia fupi ng'ambo ya kilima, na treni hazikupita tena.

Stesheni masta akabaki. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha tangi la maji ya injini limejaa. Kila asubuhi alipiga pampu ya mkono kwenye kisima kirefu cha reli mpaka mabega yakamwaka moto. Alichoka, jamani, alichoka mpaka usingizi ukamkimbia.

Siku moja tarishi akaja kwa miguu na barua.

"Barua za kazi huletwa na gadi wa treni," masta akamwambia.

"Treni haiji, mzee."

"Basi barua itaisubiri treni."

Akaitundika kwenye msumari bila kuifungua. Ndivyo alivyofundishwa.

Ukame ukaingia. Mama mmoja wa kijiji cha jirani akaja na debe, mtoto mgongoni.

"Baba, nisaidie debe moja tu. Mto umekauka."

"Pole, mama. Haya ni maji ya treni. Ikija ikakuta yamepungua, nitajibu nini?"

Mama akatazama reli, nyasi zimeimeza. Akajitwika debe tupu, akaondoka. Baada ya wiki mbili alipita tena, mgongoni hana mtu. Safari hiyo hakuomba maji. Masta alimwona, roho ikamuuma, akarudi kwenye pampu.

Mwaka uliofuata mikono ikagoma kabisa. Akaketi, akaishusha ile barua, akaisoma: "Stesheni imefungwa. Kisima na tangi tumewaachia wanakijiji. Wafungulie maji, kisha nenda nyumbani ukapumzike."

Mnamhukumu? Taratibu. Hakuwa mvivu wala mwizi. Kosa lake ni lipi, ikiwa alishika kazi kuliko sisi sote?

Nasi tumechoka. Vikao, kamati, mazoezi ya kwaya, harambee ya mabati. Mimi mchungaji wenu nimechoka mpaka kwenye mifupa, sifichi. Lakini siulizi nani amechoka. Nauliza, nani amekunywa maji tunayoyapiga pampu? Neno la Mungu tulilopewa tumelitundika ukutani na kulipangusa vumbi kila Jumamosi, na hatujalifungua.

Basi kesho, kabla hatujashika pampu, tuishushe barua tuisome. Mama kama yule yuko hapo nje mlangoni. Na leo mtoto bado yuko mgongoni.