Ngalawa ya Vuai na Mize

Sogeeni. Sogeeni tena, mkeka hauumi. Wewe unayetafuna karanga, tafuna kwa ufizi. Nawe mwenye kikohozi, kohoa sasa hivi umalize. Haya. Nataka kimya cha paka aliyeona panya.

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa neno!

Neno la nani?

La mwenye kinywa!

Basi kinywa ninacho, meno ndiyo sina. Sikilizeni.

Hapo kale, kale ya kale, chumvi ilipokuwa bado haijajijua kuwa ni chumvi, palikuwa na mume na mke. Mume jina lake Vuai, mshona kofia. Mke jina lake Mize, na kazi yake ilikuwa kuwa Mize. Walikaa ufukweni miaka yote, na bahari waliijua kama mnavyoujua mwezi: kwa kuutazama.

Sasa huyu Mize alikuwa na cheo. Ng'ambo ya mkondo, kwa ndugu zake, yeye ndiye kungwi, anayemfunda bibi harusi na kumwingiza ndani. Bibi yake alikuwa kungwi, mama yake alikuwa kungwi, naye akakipokea cheo. Lakini desturi ya kule ilikuwa kali. Siku ya harusi, kungwi asipofika kabla ya adhuhuri, cheo kinamhama. Kinamwangukia mwanamke wa kwanza atakayevuka kizingiti cha nyumba ya harusi baada ya hapo. Na kikihama, hakirudi.

Ikaja harusi ya Riziki, mtoto wa dada yake. Siku zote Mize huvushwa na Mzee Ngwali katika mashua yake, pamoja na abiria wengine. Safari hii akakataa.

"Vuai weye! Mimi kungwi mzima, niwekewe pakacha la dagaa mapajani? Nishuke nanukia nini? Nataka chombo chetu."

"Chombo?" akasema Vuai. "Hata mimi nilikuwa nataka kusema." Mwongo. Alikuwa hataki kusema kitu, alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

Mzee Ngwali alikuwa na ngalawa ndogo ya kuuza. Wakaizunguka mara moja, mara mbili, mara tatu. Wakauliza.

Vuai akauliza, "Rangi yake haichujuki?"

Mize akauliza, "Nikikaa hapa, watu wa pwani wataniona uso au kisogo?"

Vuai akauliza tena, "Jina lake litaandikwa kubwa kiasi gani?"

Kuhusu maji, hakuna aliyeuliza.

Wakatoa kitanda chao cha samadari, cha shaba, walichoozewa nacho. Mzee Ngwali akakibeba kwanza, asije mtu akazindukana. Kisha akasema:

"Wanangu, chombo ni upepo. Ukija kwa nyuma, achieni tanga. Mmefahamu?"

"Tumefahamu!"

"Ukija ubavuni, kazeni kamba ya tanga. Mmefahamu?"

"Tumefahamu!"

"Ukija usoni, hapo bisheni. Bisheni, bisheni, bisheni mpaka mfike. Mmefahamu?"

"Mzee Ngwali," akasema Mize, "kubisha unatufunza sisi?"

Wewe wa kule nyuma, mtoto wa mvuvi, unacheka mapema. Nyamaza, usiwaharibie wenzio.

Siku ya harusi ikafika. Asubuhi, jua limetoka, Mize kajitia kanga mpya, kajifukiza udi mpaka inzi wakapiga chafya. Wakapanda. Upepo ulikuwa wa nyuma. Wakaachia tanga, ngalawa ikateleza kama sabuni.

"Umeona?" akasema Vuai. "Kumbe bahari ni maneno ya watu!"

Walipofika katikati ya mkondo, upepo ukageuka. Ukaja usoni, puu! Tanga likapigapiga kama kuku achinjwaye. Ngalawa ikasimama. Kisha ikaanza kurudi, polepole, kama mkwe aliyesahau zawadi.

"Upepo wa usoni," akasema Vuai. "Mzee alisemaje?"

"Alisema tubishe."

"Basi anza."

Mize akajikohoza. "Nahodha humu ni mimi."

"Nahodha ni mimi!"

"Ni mimi, harusi ni ya kwetu!"

"Ni mimi, usukani ninao mkononi!"

Wakabisha, wakabisha, wakabisha. Ngalawa ikarudi nyuma.

Mara likapita tanga la Mzee Ngwali, linakata mbele yao kwa upande. Ndani yake kakaa jirani yao, Bi Kazija, mpika maandazi, mwanamke wa maneno matatu kwa siku. Naye alialikwa harusini.

"Mnafanya nini, wanangu?" akaita mzee.

"Tunabisha!"

"Bisheni! Ila Bi Mize, jua linapanda. Njoo huku uvuke nami."

"Mwenye chombo hapandi chombo cha watu!"

Mzee akaenda zake upande wa kushoto. Punde akageuza, akarudi upande wa kulia. Vuai akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mtazame! Anakwenda kombo kama kaa. Mzee kalewa, njia iliyonyooka haioni!"

Wakabisha tena. Safari hii, jina la ngalawa. Vuai anataka iitwe Usinione. Mize anataka iitwe Watasema. Wakabisha, wakabisha, wakabisha. Ngalawa ikarudi nyuma.

Mzee akakata mbele yao mara ya pili, sasa kwa mbali. "Bi Mize! Adhuhuri inakaribia! Nikurudie?"

"Nenda zako, mlevi!"

Wakabisha mara ya tatu. Hapo wakagusa wazazi.

"Mama yako alikuja kutusalimia kwa siku saba, akakaa miezi saba!"

"Na baba yako alikula kuku wangu wa mayai!"

"Hilo ni kweli," akasema Vuai.

"Kweli? Unakubali? Katikati ya mkondo unakubali? Unataka kutuua! Bisha, mwanamume, bisha!"

Akabisha, maskini, mpaka sauti ikamkauka. Mzee akapita mara ya tatu. Sauti yake hawakuisikia. Waliona tanga tu, dogo kama ukucha, kisha hawakuliona.

Jua likasimama utosini. Ngalawa ikagusa mchanga, kwi!

"Tumefika!" akapiga kelele Mize. "Nilikwambia kubisha kunafaa!" Akashuka, akatengeneza kanga, akapaza sauti: "Hodi wenyeji! Kungwi nimeingia!"

Mwanamke aliyekuwa akikosha masufuria akainua kichwa. "Hee, Mize! Mbona umerudi? Mmesahau kitu?"

Ilikuwa pwani yao.

Jioni ilipokaribia, mashua ya Mzee Ngwali ikarejea. Bi Kazija akashuka, kajitanda kanga ya ukungwi begani. Yeye ndiye aliyevuka kizingiti wa kwanza baada ya adhuhuri. Alikuwa anatafuta pa kuweka maandazi, wakamshika mkono wakampa bibi harusi.

Mize akamrukia mzee. "Umetupoteza! Ulisema tubishe, tumebisha toka asubuhi!"

"Mwanangu, kubisha kwa chombo ni kulitupa tanga upande huu, kisha upande ule, ukapanda upepo kama mtu apandaye ngazi. Mliniona nikifanya."

"Mbona hukutuuliza kama tunajua?"

"Nimewauliza mara tatu."

"Hukutuuliza!"

"Nimewauliza."

"Hukuuliza, hukuuliza, hukuuliza!"

Mzee akamtazama Vuai. "Nahodha unaye," akasema. "Ulichokosa ni bahari tu." Akaenda kulala kwenye samadari yake.

Asiyejua maana haambiwi maana, wazee walisema. Miye naongeza: na asiyeuliza, huuliziwa na watu.

Haya, nani alirithi nini? Ngalawa waliirithi kuku, wakataga humo mpaka mti ukaoza. Tanga alilirithi muuza dagaa, akaanikia. Samadari aliirithi binti wa Mzee Ngwali, na shaba yake inang'aa hadi leo. Ukungwi aliurithi binti wa Kazija, kisha binti wa binti yake. Na wajukuu wa Mize? Wanaalikwa, hawaachwi. Pilau wanapewa. Lakini hukalishwa pale mlangoni, penye viatu, na bibi harusi akipitishwa, husimama kama wageni wengine.

Nimepika, nimepakua. Sufuria nawaachia, kwangueni.