Bwana Mbogo na Mzizi Usiokwisha

— Kisiki!
— Kitoke!
— Kikikataa?
— Kichimbeni!
— Kikizidi kukataa?
— Mwiteni mwenye nguvu!

Haya, mwenye nguvu mmeshamwita wenyewe. Msije mkanilaumu mimi.

Hapo kale alikuwapo Bwana Mbogo. Shingo nene, pembe pana, na tumbo lisilojua kushiba. Alikuwa na nyumba ya miti na udongo yenye vyumba saba, na waliokaa humo ni wawili tu, yeye na mkewe. Nyumba hiyo aliijenga kwa pupa. Wenzake wakikata miti ya kujengea huibandua maganda, wakaianika juani mpaka ikakauka kau. Yeye subira hiyo hana. Miti aliikata asubuhi, jioni akaisimika mibichi vilevile, na maganda yake. Mvua ikanyesha, nguzo zikashika mizizi, zikachipua majani. Bwana Mbogo akafurahi, akasema nyumba yake imejipamba.

Vyumba saba havikumtosha. Akakitamani kiwanja cha jirani yake, Bi Fuko. Bi Fuko ni mnyama mdogo wa kukaa chini ya ardhi. Kiwanjani pake palikuwa na kisiki kimoja cha mninga, na chini ya kisiki ndiko alikoishi na wanawe sita, wachanga, hata manyoya hawajaota.

"Bi Fuko, hama," akasema Mbogo. "Leo nang'oa kisiki, kesho nachimba msingi."

"Bwana Mkubwa, wanangu hata kutambaa hawajui. Niwapeleke wapi?"

"Hilo lako. Mimi nina ujenzi."

Bi Fuko akaingia shimoni na uchungu wake. Bwana Mbogo akakivaa kisiki. Akasukuma, hiiih! Kisiki kimya. Akapiga pembe, kwaa! Kisiki kimya. Akavuta kwa meno, hiiih! Kisiki kimya, jino likalegea. Akakizunguka mara tatu, anakitazama. Hakuelewa. Mti wenyewe ulishakatwa, umekwenda zake. Hiki kilichobaki kinang'ang'ania nini?

Mara sauti nyembamba ikatoka chini. "Bwana Mkubwa, unavuta kichwa, na anayeshikilia ni mguu."

"Mguu upi?"

"Mzizi. Mimi naishi nao, najua unakopita. Huo hapo, karibu na ukwato wako. Ufuate mpaka mwisho. Ukibaki hata kidogo, utakuchipukia sebuleni."

Kuchipukia sebuleni! Bwana Mbogo alichukia hata kulifikiria jambo hilo. Akainamisha kichwa. Chimba chimba, fukua fukua, vuta, nyaa! Mzizi ukatoka pima nzima.

"Umekwisha?"

"Bado, Bwana Mkubwa. Mbele kidogo."

Na huko chini Bi Fuko anakimbia, tiki tiki tiki, anaisukuma kwa pua ncha ya mzizi huu mpaka ikutane na ncha ya mzizi ule.

Chimba chimba, fukua fukua, vuta, nyaa! Udongo ukamjaa Mbogo machoni, haoni mbele wala nyuma. Akavuka mfereji, chubwi!

"Umekwisha?"

"Bado, Bwana Mkubwa. Mbele kidogo."

Chimba chimba, fukua fukua, vuta, nyaa! Akasikia harufu ya viazi. Akashangaa. Bi Fuko amepanda viazi lini? Kiwanja chenyewe hiki, asubuhi alikiona kidogo tu, sasa mbona hakina mpaka? Akajiuliza kama anakwenda au anarudi.

Mara kichwa kikagonga kitu kilichosimama wima. Ko!

"Hiki nini?"

"Hicho ndicho chenye mizizi, Bwana Mkubwa. Na wenzake hao wamefuatana mstari. Ukivitoa hivyo, pote patakuwa peupe."

"Visiki vimekaa mstari? Nani aliyevipanda?"

"Mtu mmoja mwenye haraka," akasema Bi Fuko.

Mbogo akaingiza pembe, akang'oa cha kwanza. Kwaa! Huko juu kitu kikalia, kriiii. Na sauti ikamfuata: "Nani huyo anayetikisa?"

Mbogo akaduwaa. Ilikuwa sauti ya mkewe.

"Mke wangu! Umefuata nini huku kwenye kiwanja cha Fuko?"

"Kiwanja gani tena? Mimi niko jikoni kwangu, napika!"

"Umehamisha jiko bila kuniambia?"

"Mume wangu, leo umekula nini?"

Mbogo akafikiri mpaka masikio yakamsimama. Mkewe yuko jikoni. Jiko liko nyumbani. Nyumbani ni kule, na yeye yuko huku. Basi aliyepotea ni mkewe, maskini. Atamrudisha kazi ikiisha.

"Toka nje, mama, usije ukaumia! Nang'oa visiki!"

Mkewe akachomoka na sufuria yake. Mbogo akang'oa cha pili, kwaa! Cha tatu, kwaa! Cha nne hakikungoja kuvutwa. Kriiii, kriiii, pwaaa! Paa likashuka, kuta zikalala, vyumba saba vikawa lundo moja.

Vumbi lilipotulia, Bwana Mbogo akajifuta macho. Akauona mlango wake umelala chali. Akakiona kigoda chake kimevunjika mguu. Na kule ng'ambo ya shamba lake la viazi, kisiki cha mninga kimesimama vilevile. Akatazama kisiki, akatazama mlango, akatazama kisiki tena.

"Mke wangu," akasema polepole, "nani ameuleta mlango wetu huku?"

Mkewe alimkabidhi sufuria, akashika njia ya kwao.

Jioni ile mvua ikaanza. Mbogo akaona baridi, akaona na haya pia, akaenda mpaka kwa Bi Fuko.

"Jirani, nisitiri."

"Karibu, Bwana Mkubwa. Mlango uko wazi."

Mlango wenyewe ni tundu la kuingia ngumi. Akajaribu pua, haikuingia. Akajaribu ukwato, haukuingia. Akajaribu mkia, ukaingia. Basi akakaa hapohapo, mkia ndani, mwili nje, ameegemea kisiki. Huko chini watoto sita wakajifunika singa za mkia wake, wakapata joto, wakasinzia.

"Bi Fuko," akanong'ona, "ule mzizi, hatimaye ulikwisha?"

"Bado, Bwana Mkubwa. Mbele kidogo."

Mnataka funzo? Lipo. Miti ya kujengea ianikwe kwanza, ikauke. Kiwanja cha jirani kichukue tu, wala usione haya, mradi nguzo zako ziwe kavu. Hilo ndilo nililoliona mimi. Mwenye kuona jingine, na akae nalo.

Ngano yangu imechoka, imekaa juu ya kisiki. Anayeitaka aje aibebe.

— Kisiki!
— Kipo!