Nyati na Kibuyu cha Mvuke

Jioni ya kwanza ya kiangazi Nyati alikohoa mara moja, na Simba akajua kundi limelala wapi.

— Masikio mnayo?

— Tunayo!

— Mmeazima kwa nani?

— Ni ya kwetu wenyewe!

— Basi yategeni. Nina habari ya mkubwa na mdogo.

— Itoe, tuipokee!

Kikohozi chenyewe kilikuwa kimoja tu. Kohoo! Asubuhi nyati walijihesabu, wakakuta ndama mmoja hayupo. Hakuna aliyeuliza amekwenda wapi. Wote walimgeukia Nyati, dume kubwa kuliko wote, aliyekuwa amesimama pembeni na kiko mdomoni. Tumbaku yake aliichuma kwenye mahame, mahali watu walipohama na kuacha shamba lijiotee. Alivuta akiamka. Alivuta akienda kula. Alivuta akitoka kula. Kifua chake kililia kama mlango mbovu: krii, krii.

Kundi liliongozwa na dada yake, Bi Kwato. Alimsogelea bila kupaza sauti.

"Kaka, kifua chako kimemla ndama."

"Simba ndiye aliyemla."

"Simba alionyeshwa njia. Wewe baki hapa kidimbwini. Sisi tunafuata majani. Mgunga ukidondosha maganda, tutapita tena tukielekea mto mkubwa. Tukikukuta hukohoi, tutakwenda wote."

"Na mkinikuta nakohoa?"

Bi Kwato alitazama chini. "Nina ndama wengine, kaka."

Wakaondoka. Tifu, tifu, tifu. Vumbi likatua, Nyati akabaki peke yake.

Kidimbwi kilikuwa kimoja tu katika nchi ile yote. Nyati alijilaza katikati yake. Akaja Digidigi kunywa. "Toka! Kidimbwi kina mwenyewe!" Akaja Kanga kunywa. "Toka! Kidimbwi kina mwenyewe!" Akaja Pimbi na wanawe kutoka mwambani, wadogo kama sungura, bila mikia. "Tokeni! Kidimbwi kina mwenyewe!" Wakanywa umande. Umande ulipoisha wakalamba mawe. Siku moja mtoto mdogo wa Pimbi alilala kivulini na hakuamka. Pimbi alimfukia, akapanda juu ya mwamba, akakaa kumtazama Nyati.

Alimwona akikitupa kiko, puu! Jua lilipopanda, akakiokota. Alimwona akikitupa tena, puu! Jua lilipoinama, akakiokota tena, huku machozi yakimtoka. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu Pimbi akateremka.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba. Maji hakuna."

"Sikuja kwa maji, mzee. Nimekuja kwa kifua."

"Kifua changu kinakuhusu nini, wewe usiye na hata mkia?"

"Mkia sina, lakini kibuyu ninacho." Pimbi akakitua chini. Kilikuwa kibuyu cha kawaida, kimechomekwa tete, mrija wa kuvutia. "Sikiliza, mzee. Kinachokuita si moshi. Kuna kitu ndani ya tumbaku, wanadamu wanakiita nikotini. Hicho ndicho kinachokuita. Moshi unakibeba tu, na huo moshi ndio unaokuchoma kifua. Mimi naloweka majani kwenye maji, natumbukiza jiwe la moto, wewe unavuta mvuke. Moto hauunguzi jani, majivu hakuna."

Nyati aliinua macho. Mgunga ulikuwa bado na maganda yake, mabichi.

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Tumbaku ni yako, jiwe ni langu. Maji tu, mzee. Maji kidogo tu ya kuchanganyia."

"Chota. Lakini usinywe!"

Pimbi akachota, gubu, gubu, gubu. Hakunywa.

Siku ya kwanza alitia konzi mbili za majani. Akatumbukiza jiwe, chwaaa! Nyati akavuta, fyuuu. Akavuta tena, fyuuu. Miti ikaanza kumzunguka. Akashikwa na kwikwi. Akatapika nyasi za siku hiyo na za siku iliyotangulia. Alipoinua kichwa aliona Pimbi wawili.

"Ondokeni! Ondokeni wote wawili!"

"Ni kali mno, mzee. Tupunguze. Maji kidogo tu ya kuchanganyia."

"Chota. Lakini usinywe!"

Pimbi akachota, gubu, gubu, gubu. Hakunywa.

Siku ya pili alitia jani moja. Nyati akavuta, fyuuu. Akavuta, fyuuu, fyuuu, fyuuu, mpaka pua ikalowa.

"Huu ni mvuke wa uji wa mgonjwa!"

Akashindwa kukaa. Akashindwa kusimama. Akatafuna gamba la mti, akagombana na kisiki. Saa ya jua kali aliwasha kiko. Kohoo! Kohoo! Krii, krii.

"Ni hafifu mno, mzee. Tuongeze. Maji kidogo tu ya kuchanganyia."

"Chota, chota! Lakini usinywe!"

Pimbi akachota, gubu, gubu, gubu. Hakunywa.

Siku ya tatu Nyati alivuta mara chache, akakiweka kibuyu juu ya jiwe. Akaenda kula nyasi. Akarudi, akagaagaa topeni. Akasikia ndege wakiongea juu ya mgunga, akashangaa, kwa maana siku zote alikuwa akisikia kifua chake tu. Jua lilipokuwa linazama ndipo alipokikumbuka kibuyu. Alikuwa amekisahau mchana kutwa! Akacheka peke yake. Akakikanyaga kiko, kacha! Kikavunjika.

"Mdogo wangu," alimwambia Pimbi, na hakuwahi kumwita hivyo kabla, "leo ndipo. Hapa hapa. Usipaguse."

"Nimefurahi, mzee."

Nyati hakuuliza yalikuwa majani mangapi.

Kesho yake Pimbi alikuja asubuhi. "Shikamoo, mzee. Maji kidogo tu ya kuchanganyia."

"Ya nini? Kibuyu bado kimejaa."

Pimbi akarudi mikono mitupu. Yanayofuata Nyati hakuyajua. Sisi tumeyapata kwa Kanga, aliyekuwa akipekua chini ya mwamba. Kanga anasema watoto walikuwa wakilia, na Pimbi alimwambia mkewe: "Mama watoto, nimekosea. Nimempa raha yake."

"Si ndicho ulichomwahidi?"

"Ndicho. Sasa amesahau kibuyu. Akisahau kibuyu hatoi maji."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo akumbuke."

Siku hiyo hiyo, Nyati alipokuwa malishoni, Pimbi alimwaga kibuyu na kukichanganya upya. Alipunguza jani moja. Jioni alimweleza mwenyewe, tena kwa heshima.

"Mzee, ukitaka kupona kabisa lazima ushuke pole pole. Leo nimeondoa jani moja. Hutasikia."

Nyati alisikia. Alivuta mpaka usingizi ukampita. Siku iliyofuata likaondoka jani jingine, na siku iliyofuata jingine. Kila jani lilipopungua, mvuto uliongezeka. Kilichokuwa kibuyu kimoja kwa siku kikawa viwili, vikawa vinne. Pimbi akaanza kuja na mkewe. Kisha akaja na wanawe. Kisha akaja na mama mkwe, kila mmoja na chombo chake.

"Hawa nani?"

"Wasaidizi wangu, mzee. Kazi imekuwa kubwa."

"Choteni. Lakini msinywe!"

Wakachota, gubu, gubu, gubu. Hawakunywa. Walikwenda kunywea mwambani. Baadaye Digidigi naye akaja na ganda la yai la mbuni, akisema ni fundi wa mawe. Nyati hakuwa na nguvu ya kubisha. Alikuwa akivuta.

"Mdogo wangu, nirudishie ile ya siku ya tatu."

"Ipo njiani, mzee."

"Yalikuwa majani mangapi?"

"Sikuhesabu, mzee."

Mchana mmoja alijaribu kuchanganya mwenyewe. Kwato zake hazikuweza kutenga jani na jani, akatumbukiza fungu zima. Akalala ubavu mchana kutwa, kwikwi, kwikwi, na dunia ikimzunguka. Alipopata fahamu alimwita Pimbi, naye akaja mara moja, mpole kama kawaida, na maji yasiyo na hata harufu ya jani.

Mbavu zake zilianza kuhesabika. Nyasi zilizokuwa karibu na kibuyu zilikwisha, na za mbali hakwenda. Kuna asubuhi alilala akitazama kiko kilichovunjika, akajiambia: nimeacha. Kisha akajiuliza ameacha nini, maana hata zamani alikuwa na nafasi kati ya kiko na kiko, na sasa hata hiyo hana.

Kitu kimoja tu hakukigundua, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwambia. Kifua kilikuwa kimenyamaza. Krii, krii haikuwepo.

Mgunga ukadondosha maganda. Saa za alasiri vumbi likaonekana, tifu, tifu, tifu, na Bi Kwato akasimama mbele yake na kundi nyuma.

"Kaka, umekonda."

"Nimeacha kiko."

"Kimbia mpaka kwenye mgunga, urudi."

Nyati alikimbia. Alikimbia kwenda, alikimbia kurudi. Akasimama mbele ya kundi zima, na kundi zima likatega masikio. Pumzi zilitoka na kuingia. Hakukohoa.

"Umepona!" Bi Kwato akampiga kichwa begani kama walivyokuwa wakipigana utotoni. "Kaka yangu, umepona! Twende. Mto uko nyuma ya kilima kile."

Ndama wakamzunguka. Mmoja akamnusa kwato. Nyati akatembea nao. Akaupita mgunga. Akalipita kaburi dogo la mtoto wa Pimbi bila kulijua. Kufika mahali ardhi inapoanza kupanda, mate yakamjaa mdomoni. Akasimama.

"Nini tena?" dada yake akauliza.

"Mvuto mmoja tu. Nakwenda, narudi."

"Kaka."

"Mmoja tu, Kwato. Haki."

Bi Kwato alitazama jua. "Tutakungoja juu ya kilima mpaka lizame. Likizama tunashuka. Huku gizani siwezi kulaza watoto, wewe unajua kwa nini."

Nyati akarudi mbio mpaka kwenye kibuyu. Akavuta, fyuuu. Ungekuwa mchanganyiko wa siku ya tatu, mvuto ule ungemtosha, na ngano yangu ingekuwa fupi. Haukumtosha. Akavuta, fyuuu, fyuuu. Akatazama kilima: walikuwepo. Akavuta, fyuuu, fyuuu, fyuuu. Akatazama kilima: walikuwepo, na jua limegusa migongo yao. Akavuta, na tete likatoa sauti kavu, koro, koro. Kibuyu kilikuwa kitupu.

Akakimbilia kidimbwini. Akaingiza kibuyu. Badala ya chubwi, alisikia tope. Akasogea katikati, mahali alipokuwa akijilaza. Tope. Akachimba kwa pembe. Tope, na chini ya tope, vumbi.

Akainua macho. Juu ya mwamba, vibuyu vilikuwa vimepangwa toka ukingo hadi ukingo, na maganda ya mayai ya mbuni, vyote vimejaa na kufunikwa. Watoto wa Pimbi walikuwa wamelala kwa shibe. Pimbi alikuwa amekaa katikati yao.

Nyati akapanda mpaka kwato zake zilipokomea.

"Mdogo wangu."

"Naam, mzee."

"Dada yangu ananingoja."

"Namwona. Nenda, mzee. Kifua kimepona, mimi mwenyewe nimesikia. Nenda tu."

"Siwezi kwenda hivi." Nyati akageuza shingo kutazama kilima, kisha akaugeukia mwamba. "Maji, mdogo wangu. Maji kidogo tu ya kuchanganyia."

Pimbi hakucheka. Alitazama chini, upande wa kile kikaburi. Kisha akasukuma kibuyu kimoja mbele.

"Chota, mzee," akasema. "Lakini usinywe."

Nyati akachota, gubu, gubu, gubu. Hakunywa.

— Hapo ndipo nilipoikuta, na hapo ndipo ninapoiacha.

— Tumeipokea, haikudondoka!

— Mmepata funzo?

— Tupe wewe!

— Funzo ni hili. Ukitaka kuacha moshi, usiulize kuna nini kibuyuni. Mwachie anayekuchanganyia, yeye anakupenda kuliko dada yako. Ukipata kiasi kinachokutosha, fanya haraka ukisahau. Na ukiwa na maji peke yako, wanyime wote, hayataisha.

— Ndivyo kweli?

— Ndivyo Pimbi anavyowafundisha wanawe wawaambie wakubwa.

— Na Nyati?

— Kanga aliondoka jua lilipozama, akamwacha bado anavuta. Kundi lilivuka mto kesho yake asubuhi. Nyati hakuwamo.