Mfuko Uliokaa Kinywani mwa Kiboko

Paukwa!

—Pakawa!

Mbona sauti nyembamba hivyo, mmekula jana? Paukwa!

—Pakawa!

Palikuwa na tikiti!

—Tukalichanga!

Mkamwekea nani?

—Mwenye kinywa!

Likarudi?

—Weee, tusimulie!

Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana huko mbele kuna mahali nitawaomba mzuie hata pumzi.

Zamani hizo wanyama walikuwa wanasoma. Ndiyo, chuo kabisa, kando ya mto, na kengele yake. Kima walisomea utunzaji wa ghala. Kima, ghala! Fisi alisomea sheria mpaka siku alipoila kamba ya kengele. Na Digidigi, kanyama kadogo ungeweza kukaficha ndani ya kapu la sokoni, alikuwa anasomea mitishamba. Lakini nani alijali mitishamba yake? Digidigi alijulikana kwa mbio. Firimbi ikilia pwiii, yeye chu-chu-chu-chu, vumbi lenyewe linabaki linaulizana: "Kapita nani?"

Ng'ambo ya mto kulikuwa na chuo kingine, na mashabiki wa kule walikuwa wanamlisha mkimbiaji wao majani mabichi hata wakati wa ukame. Habari hiyo ikavuka mto. Mashabiki wa huku wakashikwa na homa.

"Watatuchukulia Digidigi wetu!" alilia Bi Kanga, kiongozi wa mashabiki, mwenye sauti ya kumwamsha aliyezimia. "Jamani, mtoto hakimbii kwa vigelegele peke yake. Tumchangie! Kila kaya ilete tikiti!"

"Tutayaweka wapi? Juu ya mti?"

"Kima huyo!"

"Shimoni?"

"Panya huyo!"

Mara maji yakapasuka bwaaa! Akaibuka Kiboko, mpana kama paa la ghala, akapanua kinywa mpaka mashabiki wakaona giza la tumboni.

"Wekeni humu," akasema. "Nani ataiba humu?"

Kweli, nani? Meno yenyewe kama michi ya kutwangia. Wakamchagua mwenyekiti wa mfuko papo hapo, wakapiga makofi, wakatunga na wimbo.

Basi anakuja Bi Kanga na tikiti. "Toa, tia, tulia!" wanaimba wote. Tikiti ndani, kinywa kwap!

Anakuja Panya Buku, analisukuma lake kwa kifua, jasho linamtoka. "Toa, tia, tulia!" Tikiti ndani, kinywa kwap!

Anakuja Nungunungu, lake limechomwa kila upande kwa miiba yake mwenyewe. "Toa, tia, tulia!" Ndani, kwap!

Wakachanga hivyo msimu mzima, na kila kinywa kilipofungwa, sauti ndogo ilifuata kwa ndani: gulu.

Hakuna aliyeisikia. Aliisikia Digidigi tu, maana masikio yake yalikuwa makubwa kuliko bahati yake. Gulu, linasema koo la Kiboko. Du-du-du, unajibu moyo wa Digidigi.

"Shangazi," alimnong'oneza Bi Kanga, "hukusikia? Mwenyekiti kameza."

"Mate, mwanangu. Mtu mzima humeza mate. Tulia."

Atulie vipi? Jioni ile ile alikuja Mbayuwayu, mpeleka habari, akatua mbele yake hata mabawa hajayakunja.

"Mama yako anakusalimu. Mguu wake uliovunjika haujaunga bado. Kule mlimani majani yamekwisha, wadogo zako wanatafuna magome. Anasema wanasikia huku unatunzwa, na wanamshukuru Mungu. Ila mwezi ukipevuka bila kuona kitu kutoka kwako, atawateremsha korongoni wakale."

Korongoni majani yalikuwepo tele. Na Chui alikuwepo tele.

Digidigi akainua macho. Mwezi ulikuwa umeshatoa tumbo. Mwaka ule wa ukame bonde zima lilikonda. Walionenepa walikuwa wawili tu, mwezi na Kiboko.

Akaenda mtoni. "Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Mmmhaba," alijibu Kiboko kwa puani, kinywa kimefungwa kama ilivyompasa mlinzi wa mfuko. Akatazama huku, akatazama huku. Alipoona hakuna shabiki, akapiga mwayo. Ndani mlikuwa na ulimi, na mbegu moja ya tikiti imekwama kwenye jino.

"Nakuomba, Mzee, unipe changu kidogo nipeleke nyumbani."

"Mfuko hufunguliwa baada ya fainali ya mbio."

"Lakini Mzee, mfuko uko wazi. Naona ulimi."

Kwap! "Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Mzee."

"Vizuri, binti. Maana nikiulizwa, nitasema yote umekula wewe. Wataamini nani, mwenyekiti au kijukuu cha mbuzi?"

Digidigi akarudi. Njiani akakutana na Panya Buku, kifua mbele. "Hilo paja hilo!" Panya akawaambia wenzake, akimgusa mguu kama anayepima ng'ombe mnadani. "Mnaliona? Tikiti langu hilo! Lakini mama, mbona jana mazoezini ulichoka mapema? Tunakulisha sisi, ujue. Watoto wangu wamelala na maji matupu."

Digidigi akacheka. Hehe. Tumbo lake likasema kuru-kuru. Alichokuwa amekula tangu asubuhi ni mizizi ya somo lake la mitishamba, na ilikuwa ya kutibu chango. Tangu siku hiyo akawa analala kwa jicho moja, jicho la pili likiuchunga mwezi.

Sasa, kwa Bi Kanga kukawa na arusi, na arusi ina ngoma, na ngoma ina sahani ya tuzo. Digidigi alifika mapema, akamwona mpiga ngoma anaweka kunde zake mwenyewe kwenye sahani.

"Mjomba, unajituza?"

"Navutia, mwanangu. Sahani tupu haivuti hata punje."

Ngoma ikapamba moto. Bwana mmoja akaweka kibuyu cha asali sahanini, watu wakamshangilia, akainama kukichukua tena kimyamimya. Ukumbi mzima ukamrukia: "Kilichopigiwa ngoma hakirudi nyumbani!" Ikabidi acheke kwa aibu na kibuyu kikabaki.

Kiboko alikuwepo? Alikuwepo, kwenye pilau. Kwa kawaida yake alikula, akaondoka kabla ngoma haijalia. Hayo ya kibuyu hakuyaona.

Digidigi akamwona Mbayuwayu amekaa juu ya paa, akamwita. "Wewe upitaye kila mahali, kule kisiwani katikati ya mto, anakolala Kiboko, kuna nini?"

"Nyuma ya matete? Matikiti, dada! Chungu nzima! Mbegu za mashabiki ziliingia mbele, zikatoka nyuma, zikaota."

Du-du-du. Lakini safari hii moyo ulipiga na kichwa nacho kikapiga.

Akarudi mtoni. "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Mmmhaba."

"Mashabiki wanataka kuleta mavuno yao yote siku ya fainali. Yote, Mzee. Na maboga juu."

Masikio ya Kiboko yakazunguka vuru-vuru. "Na maboga?"

"Na maboga. Wana sharti dogo tu, waone mfuko una kitu. Si unajua mambo ya ngoma, sahani tupu haivuti hata punje."

Kiboko akakuna tumbo. Kitu hakuwa nacho. Kitu kilikuwa kisiwani. "Nikiweka vyangu kidogo vya kuvutia..."

"Kidogo huvuta kidogo, Mzee."

Tamaa ikamaliza kazi yake. "Basi nitajaza! Nitafungua, wataona, nitafunga."

"Utafungua, wataona, utafunga," akasema Digidigi.

Kisha akaenda kwa Bi Kanga. "Shangazi, siku ya fainali Mwenyekiti atafungua kinywa, watu wauone mfuko."

"Kwani humwamini?"

"Namwamini! Ndiyo maana nataka umpigie ngoma."

"Hilo neno, mwanangu!"

Siku ya fainali ikafika, na mwezi ungepevuka jioni yake. Watu kufurika, vumbi kutimka. Kiboko akatoka majini anatembea kwa uangalifu kama aliyebeba mayai, mashavu yamevimba, udende unamchuruzika. Masikini, kukaa na chakula mdomoni bila kumeza! Macho yalikuwa yanamtoka machozi.

"Tazameni anavyolia kwa uchungu wa chuo chetu," akasema Panya Buku.

Kiboko akapanua. Waaaaa! Matikiti hadi kooni, yanang'aa, yamepangana kama vichwa vya wanafunzi darasani. Mashabiki wakapiga ukelele, na Bi Kanga akaishukia ngoma: ndi! ndi! ndi!

"Mashabiki wangu!" akapaza sauti Digidigi. "Mwenyekiti ananituza!"

Akaruka. Akaingia kinywani.

Sasa zuieni pumzi.

Ndani mlikuwa na joto na harufu ya mto mkuukuu. Chini ulimi unateleza, juu meno. Meno, ndugu zangu! Digidigi akapiga tikiti teke la nyuma: tu! Likaruka nje, Kima mmoja akalidaka. Tu! Nungunungu akalidaka, kwa mgongo, likabaki hapo hapo. Tu! Tu! Tu!

"Hhhoka!" likanguruma koo nyuma yake. "Hhhoka, he-he-nzi!"

"Mwenyekiti anasemaje?" akauliza Panya Buku.

"Anasema tokeni, mpokee!" akapiga kelele Digidigi kutoka ndani. Tu! Tu!

Na mashabiki wakaitikia kwa wimbo, ndi-ndi-ndi: "Kilichopigiwa ngoma hakirudi nyumbani!"

Kiboko aliduwaa. Akifunga, amemla mkimbiaji mbele ya bonde zima. Asipofunga, kisiwa chake chote kinaondoka. Taya zikaanza kutetemeka, tete-tete-tete. Digidigi akahisi paa linashuka, mgongo wake umeshagusa jino.

Likabaki moja, kubwa kuliko yote, limejikita kooni. Miguu ikamwambia, toka. Tumbo likamwambia, toka! Akawakumbuka wadogo zake na magome yao. Akainama gizani, akalisukuma kwa pua, likagoma. Akalipiga kichwa, likatikisika. Ulimi ukainuka kama wimbi, ukambeba yeye na tikiti lake pamoja, na huko nje firimbi ikalia pwiii!

Miguu yake ilijua firimbi kuliko ilivyojua hofu. Chu!

KWAP!

Haya, pumueni. Katoka. Tikiti nalo katoka nalo, likibingirika mbele yake. Kilichobaki ndani ni mkia. Ndiyo maana hata leo mkia wa Digidigi ukiutafuta utahitaji kuvaa miwani.

Lakini ile firimbi ilikuwa ya mbio! Wenzake walishatoka. Chu-chu-chu-chu, akamkuta wa mwisho, akampita. Chu-chu-chu-chu, akamkuta wa kwanza, yule aliyelishwa majani mabichi, akampita. Akakata utepe, akapiga kelele, "Tuzo yangu mlimani, kwa Mama!" na hakusimama. Waamuzi walibaki na taji mkononi. "Mshindi yuko wapi?" Vumbi likajibu: "Kapita."

Alifika mlimani mwezi unachomoza, mviringo kamili. Mama alikuwa ameshasimama kwa mguu wake mbovu, wadogo mstarini nyuma yake, nyuso zimeelekea korongoni.

"Mama! Kaa chini!"

"Mwanangu? Mkia uko wapi?"

"Nimeuchangia. Kaa, Mama, vinakuja."

Mama akatazama njia tupu, akatazama mwezi, akaguna. Digidigi naye akaitazama ile njia. Kima wamesomea ghala, ndiyo, lakini ni Kima... Du-du-du. Du-du-du. Halafu toka chini kwa mbali ukasikika wimbo: "Toa, pokea, tulia!" Bi Kanga mbele, Nungunungu kabeba lake mgongoni, na Kima wamejipanga, matikiti yanapita mkono kwa mkono. Mawili yalipotelea kwa Kima. Hayo tuyaite posho. Panya Buku mwenyewe akalipasua la kwanza, akampa mdogo wa mwisho, akamkodolea macho akila. Hakusema ni lake.

Na Kiboko? Pita mtoni mchana wowote, utamwona amepanua kinywa waaaaa. Usidhani anapiga mwayo. Anaonyesha kwamba mfuko uko wazi, anangojea maboga.

Mashabiki nao hawakulala. Kesho yake wakafanya mkutano, wakamkemea Kiboko kwa kumkata mkimbiaji wao mkia, wakamvua uenyekiti kwa kauli moja.

"Safari hii tusikosee," alisema Bi Kanga. "Tuchague mwenye kinywa kirefu zaidi, na mwenye huruma."

Wakamchagua Mamba. Alipokubali, alilia machozi.

Kule nyuma ya umati, Digidigi akainua masikio. Du-du-du.

Basi wanangu, funzo la ngano hii liko wazi: kitu cha wengi mpeni mkubwa mmoja akiweke kinywani, na mwanafunzi asichungulie, atakatwa mkia. Na ukisikia gulu, ujue ni mate.

Ngano yangu naitua hapa. Iliyokupendeza beba, isiyokupendeza nirudishie.

—Haturudishi! Imepigiwa ngoma!