Bao Lisilo na Msumari Hata Mmoja

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kufagia nyua zao kama sisi, palikuwa na fundi seremala aitwaye Kindi. Alikuwa mdogo kiasi kwamba ungeweza kumtia ndani ya kata ya maji, ukabaki mkia tu nje. Lakini kazi ya mikono yake ilikuwa jambo la kutazamwa. Akitengeneza mlango, ulifungika bila kulia. Akitengeneza kiti, hungeona msumari wala gundi. Alichonga ulimi kwenye ubao huu na tundu kwenye ubao ule, akavikutanisha, na vikishakutana havikuachana tena.

Juu ya kilima cha mawe waliishi Bwana Simba na mkewe. Simba alipenda mchezo wa bao kuliko alivyopenda nyama, ila alikuwa na kasoro moja: hakujua kushindwa. Kila akifungwa, alilipiga bao ngumi, pwaa! Kete zikatawanyika hadi uani na bao likapasuka katikati. Mabao yote ya kijiji yaliishia jikoni kwa mkewe, yakawa kuni.

Siku moja, sikukuu ikiwa inakaribia, Simba aliteremka bondeni. Alimkuta Mama Pimbi hayupo, amekwenda kuchuma majani. Akawabeba watoto wake wote ndani ya kikapu, akapanda nao kilimani, akawafungia kwenye banda la mawe nyuma ya nyumba. Alikuwa na wageni wa kuwalisha, na nyama ya watoto ni laini.

Mama Pimbi aliporudi na kuona mlango wazi na nyayo kubwa kizingitini, hakulia. Alikwenda mbio hadi karakana ya Kindi, akasimama pale penye vumbi la mbao.

"Dada Pimbi, kaa kwanza," Kindi alisema. "Una nini?"

"Wanangu wako bandani kwa Simba. Nimewasikia nikiwa njiani. Mdogo anaita jina langu."

Kindi aliweka patasi chini. Akatazama gogo la mninga lililokuwa pembeni, jekundu kama udongo wa baada ya mvua.

"Simba hana bao," alisema mwishowe, polepole. "Wageni wake wakija, watakaa wanatazamana tu. Dada, unaweza kusugua mbao?"

"Naweza kufanya lolote."

"Basi kachume majani ya msasa, uyalete mengi."

Wakafanya kazi wawili hao. Kindi alipasua, akachonga, akatoboa, kwi-kwi-kwi, na Mama Pimbi akasugua kila kipande kwa jani la msasa mpaka kikang'aa. Alisugua huku machozi yakimdondoka juu ya mbao, naye akayafuta na kusugua tena. Hakuuliza ni bao la namna gani linaloletwa duniani likiwa vipandevipande. Jioni moja alichukua vipande viwili ili avitazame, akavigusanisha tu, kwat, vikashikana. Akavivuta, visiachane. Akamtazama Kindi kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Fundi," alinong'ona, "hii ni kazi au ni uganga?"

"Ni kupima tu, dada. Kupima, na kutokuwa na haraka."

Asubuhi iliyofuata walipakia vipande kwenye mfuko, wakapanda kilima. Mama Pimbi alijificha kwenye vichaka karibu na banda. Kindi akaenda hadi mlangoni, akapiga hodi.

"Nani?" Simba alinguruma kutoka ndani.

"Mimi fundi Kindi. Shikamoo, Bwana Simba. Nimekuletea bao la sikukuu."

Simba alitoka. Mkewe alikuwa amekwenda mtoni kuteka maji, kwa hiyo alikuwa peke yake. Akachungulia mfukoni, akakunja uso.

"Bao liko wapi? Hizi ni kuni."

"Ni bao, bwana. Vipande vyake bado havijakutana."

"Sikiliza, fundi. Likilegea hata kidogo, utakwenda kukaa bandani pamoja na kitoweo changu."

"Nimesikia, bwana," Kindi alisema, akamfuata ndani, akakunja miguu juu ya mkeka.

Akaanza. Alitoa kipande cha kwanza, akakilaza. Akatoa cha pili, akakiinamisha, akakisukuma kwa kiganja. Kwat. Cha tatu kikapita chini ya cha kwanza na kuibukia juu ya cha pili. Kwat. Mistari ya mbao ikawa inatembea na kukutana, wala hukuweza kuona wapi ubao mmoja umeishia na mwingine umeanzia. Nusu ya shimo la kete ilikuwa kwenye kipande hiki, nusu nyingine kwenye kile, na vilipoungana lilitokea shimo la mviringo kamili, laini kama ndani ya kibuyu.

Simba alikuwa amesimama. Akaketi. Kisha akalala kifudifudi, kidevu juu ya mkeka, ili aone kwa karibu.

"Linashikwa na nini?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Linajishika lenyewe, bwana."

"Hakuna msumari?"

"Hata mmoja."

"Wala gundi?"

"Nusa."

Simba akanusa. Alisikia harufu ya mninga tu. Akapitisha unyoya mmoja wa sharubu zake juu ya maungio, usikwame popote. Moyo wake, uliozoea hasira na njaa, ukaingiwa na kitu asichokijua jina. Alikuwa amevunja mabao mengi maishani mwake, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza bao hutokeaje.

Sasa bao lilikuwa nusu mbili kubwa, zimebaki kukutanishwa. Kila nusu ilikuwa imekatwa nusu duara kwenye ncha zote mbili za ukingo wake.

"Hapa nitakwama," Kindi alisema, akijipangusa jasho. "Haya matundu mawili ya pembeni ni ghala za kete. Nikizikutanisha nusu hizi, zitataka kuchezacheza na kulegea. Panahitajika mikono mizito ya kuzituliza, nami mikono yangu unaiona."

"Yangu inafaa?" Simba aliuliza, kama mtu anayeomba kushika mtoto mchanga.

"Itafaa sana, bwana. Tia mmoja ndani ya tundu hili na mmoja ndani ya lile. Usiseme wala usitikisike."

Simba akaweka mikono yake. Kindi akazisukuma nusu zile mbili zikakutana kwenye vifundo vya mikono ile, vidole vikiwa ndani. Kisha akatoa shavuni mwake kipande kidogo kuliko vyote, chenye ukubwa wa punje ya hindi, akakitia mahali pake chini ya ukingo.

Kwat.

"Limekwisha?" Simba alinong'ona.

"Limekwisha, bwana. Na wewe umefungwa."

Kindi akapiga mluzi. Huko nyuma komeo la banda lilianguka, paa, na miguu midogo ikasikika ikiteremka mawe, patapatapata, na sauti ya mama ikiita majina mojamoja.

Simba akaruka. Bao likaruka naye. Alivuta, na ndimi za mbao zikaumana zaidi. Akavuta kwa nguvu zake zote, mpaka mawe ya ukuta yakatikisika, na kila alipovuta bao lilizidi kukaza, likatoa mlio mzito, nnng, kama ngoma iliyowambwa upya. Makucha yake yalikuwa ndani. Meno hayakufika. Mwishowe akaanguka juu ya mkeka, anahema.

Kindi alikuwa ameshapanda juu ya boriti ya paa. Alidhani atasikia matusi. Lakini Simba aliinamisha kichwa, akalitazama bao kwa muda mrefu.

"Halijalegea," alisema.

"Halilegei, bwana."

"Angalau niambie linafunguliwaje. Sitalala bila kujua."

Kindi aliona kwamba anauliza kwa dhati, akamjibu kwa dhati. "Kile kipande kidogo cha mwisho. Unakigusa kwa ncha ya kidole, unakisukuma taratibu kuelekea kwako. Ukitumia nguvu, hakitoki."

Simba akatazama mikono yake iliyozama ndani ya mninga. "Na vidole vyangu viko humu."

"Ndiyo, bwana," Kindi alisema, akatoka kupitia dirishani, akaenda zake.

Mke wa Simba aliporudi na mtungi wake, alimkuta mumewe amekaa kama mfungwa. Hakupoteza muda. Alichukua shoka jikoni.

"Nyoosha mikono, Baba. Pigo moja tu."

"Usilivunje."

"Unasemaje?"

"Nimesema usilivunje, mke wangu. Njoo ulitazame kwanza."

Mkewe akaweka shoka chini, akainama, akapitisha kidole juu ya mbao. Akatafuta maungio asiyaone. Akainua uso, macho yamemtoka. "Nani amefanya hivi?"

"Yule Kindi wa bondeni. Nenda ukamwite. Mwombe, usimwamrishe."

Kindi hakuja haraka. Alituma jibu kwamba atapanda kilima endapo Simba ataapa mbele ya mkewe kutogusa tena mtoto wa yeyote wa bondeni. Simba akaapa, kwa jina la mama yake. Ndipo Kindi akaja, akaingia chini ya ukingo wa bao, akagusa kwa ncha ya kidole. Bao likafunguka kama ua, vipande vikalala mkekani, na mikono ya Simba ikawa huru.

Kindi alibaki pale, katikati ya mikono ile miwili mikubwa. Kindi akatia kile kipande kidogo shavuni mwake.

"Ukinila, bwana, utabaki na kuni," alisema.

Simba alirudisha mikono nyuma, akaikalia. "Liunge tena, fundi," alisema. "Polepole. Safari hii nataka mke wangu aone."

Wageni wa sikukuu walikula samaki wa mtoni, na walipoletewa bao hakuna aliyecheza kwanza. Walilizunguka tu, wakiligusa kwa ncha za vidole. Na kuanzia mwaka ule, mchezo ukimalizika, Kindi hukitoa kile kipande akaondoka nacho. Siku nyingine Simba akitaka kucheza, humtuma mkewe bondeni kubisha hodi kwa adabu, na kwanza huulizwa kama watoto wote wa bondeni wameamka salama.

Kwa hiyo wanangu, shikeni hili mkalale nalo: kilichofungwa kwa akili hakifunguliwi kwa nguvu.